Alama Niliyoifuta

Siku Filimbi alipoletwa karakanani kwetu akiwa na mguu mmoja, nilimshukuru Mungu. Wala sikushukuru kimoyomoyo. Niliweka tupa mezani, nikasema "Asante, Baba" kwa sauti, na Bibi Plasta, mkuu wetu wa karakana, akadhani ninashukuru kwa sababu kazi niliyokuwa nikiilainisha imekubali. Akaniambia nipumzike ninywe chai.

Sikutaka chai. Nilitaka kumtazama.

Sisi tunatengeneza miguu ya bandia. Karakana ina vyumba viwili. Kimoja ni cha kupokelea watu, na ndani yake kuna vyuma viwili virefu vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea. Kingine ni cha vumbi, chenye mifuko ya plasta, ule unga mweupe unaoganda ukilowa, ndoo za maji, tanuri na meza zetu. Humo tunajifunga kitambaa puani na kuvaa kofia, na ukitoka hata nyusi zako ni nyeupe. Nilipochungulia mlangoni na kumwona amekaa kwenye kiti cha magurudumu, suruali imekunjwa chini ya goti na kubanwa kwa pini, nilijisemea kwamba huyu atanitazama asinijue. Mimi nilimjua kwa kisogo tu.

Filimbi alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao. Jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa ajili ya filimbi aliyoitundika shingoni. Akiipuliza mara moja, mashine ziwashwe; mara mbili, zizimwe; mara tatu, kuna mtu anarudi kwao bila kazi. Mume wangu alikuwa mpasuaji mbao chini yake. Huyo walimwita Rula, kwa kuwa ubao alioupasua yeye haukuhitaji kupimwa mara ya pili, na neno lake vilevile.

Msumeno mkubwa ulikuwa na kinga ya chuma. Siku moja kazi ilikuwa imechelewa na magogo yalikuwa manene hayapiti, basi Filimbi akaamuru kinga ifunguliwe. Rula akamwambia, "Msimamizi, hapa mtu ataumia." Filimbi akapuliza mara moja. Kabla ya saa sita mchana gogo lilirudi nyuma likamsukuma mume wangu, na mguu wake wa kushoto ukabaki upande wa pili wa msumeno.

Sasa sikiliza uovu ulivyo na akili. Pale kiwandani kulikuwa na dumu la spiriti ya kufutia utomvu kwenye meno ya msumeno. Filimbi alilinyakua akammwagia Rula kwenye jeraha, na sikatai kwamba dakika ile alitaka kusaidia. Lakini spiriti ililowesha shati, ikalowesha suruali, hata nywele. Wakaguzi walipokuja kuuliza ni nani aliyefungua kinga, Filimbi aliwaambia aliifungua mpasuaji mwenyewe, tena akiwa amelewa. "Nuseni nguo zake," alisema. Wakazinusa.

Mume wangu hajaonja pombe tangu azaliwe. Siku ya harusi yetu wajomba zake walitusema mpaka wakachoka, maana tuliwapa soda.

Angeishia hapo, ningemchukia kwa kiasi. Lakini Filimbi alikuwa pia mzee wa kanisa, na uongo aliousema kazini asingeweza kuukana mbele ya madhabahu. Akaupeleka mzimamzima kwenye baraza la wazee. Wakamtenga Rula na meza ya Bwana mpaka atubu ulevi wake, wakampa benchi la nyuma kabisa, la watu walio chini ya adhabu. Mchungaji wa wakati ule alikuja mpaka wodini kumbembeleza: aseme tu alikunywa, asamehewe, yaishe. Rula alijibu akiwa bado na mirija puani. "Siwezi kumdanganya Mungu ili nile mkate wake."

Miaka kumi na moja. Kila Jumapili anapiga pasi shati jeupe, anakwenda, anakaa benchi la nyuma, na sahani ya mkate ikimfikia anairudisha kwa wa benchi lililo mbele yake bila kugusa kitu. Mimi nilitoka siku ile ya hukumu sikurudi tena. Mungu sikumwacha, niliwaacha wao. Rula hakunilazimisha. Ila kila aliporudi nilimuuliza, "Wamekupa?" naye akajibu, "Bado," kama mtu aliyekwenda posta kuulizia barua.

Watu wengi walitujia na pole. Wakikaa kidogo, wakila, wakiondoka, wanatuachia neno moja: vumilieni. Mvumilivu hula mbivu. Niliwaambia ya kwetu imeshaozea mtini, wakasema mke wa Rula ana mdomo. Kweli ninao. Baada ya mdomo nikapata na ufundi, maana nilianza kumsindikiza mume wangu hapa karakanani, nikawa nafagia huku nikimsubiri, nikashikishwa bandeji, nikafundishwa. Mguu anaoutembelea leo ni wa nne niliomtengenezea.

Mwaka huu ndipo kanisani ilipotangazwa kwamba Filimbi amekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Rula alirudi na habari hiyo, na kabla hatujala akaomba, "Bwana, umsaidie ndugu yetu." Mimi sikusema amina. Nilipakua chakula.

Sasa huyo hapo mbele yangu, na Bibi Plasta amenipangia mimi.

"Habari za kazi, fundi," akasema.

"Nzuri. Weka gutu hapa."

Kazi yetu inaanza na penseli ya zambarau. Mgonjwa unamvika soksi nyembamba kwenye gutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kisha unapapasa kwa vidole na kila penye mfupa unaotokeza unatia alama. Ziko alama tano: pia ya goti, ukano ulio chini yake, kifundo cha mfupa wa nje, ukingo wa muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu, na ncha ya muundi huo pale msumeno wa daktari ulipopita. Halafu unazungushia bandeji ya plasta. Penseli ile ikilowa inahama. Inatoka kwenye soksi inaingia kwenye plasta, na ukimimina plasta nyingine humo ndani kupata sanamu ya gutu, sanamu inatoka imeandikwa zambarau kila panapouma. Bibi Plasta aliponifundisha alisema hizo ni siri za mgonjwa. Amekuonyesha anapoumia ili umwepushe.

Kumwepusha ni hivi. Penye mfupa unaongeza plasta juu ya sanamu, ili kikombe cha mguu, kile gutu linamoingia, kiache nafasi. Penye nyama unakwangua, ili kikombe kishike. Ukikosea ukakwangua penye mfupa, mtu huyo kila akikanyaga atakuwa anakanyaga msumari.

Nilizitendea haki alama nne. Ya tano, ya ncha ya muundi, niliikwangua. Nilikwangua unene wa kucha, nikapima kwa kidole, nikaona haitoshi, nikakwangua tena. Kisha nikachukua msasa nikaifuta ile zambarau mpaka sanamu ikawa nyeupe safi. Sikutetemeka. Nilikuwa nikipiga mluzi, na mwenzangu wa meza ya pili akasema leo mama una raha.

Nilikuwa na raha. Plastiki ikitoka kwenye tanuri unaivalisha sanamu ikiwa laini, ikipoa inakuwa kikombe, halafu sanamu unaivunja kwa nyundo na kuimwaga. Ushahidi wangu wote ulikuwa vipande vyeupe kwenye ndoo ya taka, na ndoo nilikwenda kuimwaga mwenyewe.

Nilimpanga Filimbi Jumatatu. Alhamisi ndiyo siku Rula anayokuja, maana tuna desturi hapa: mgonjwa mpya anafundishwa kutembea na mzoefu, mtu ambaye naye amekatwa. Fundi mwenye miguu miwili hata aseme nini, hawamwamini. Sikutaka hao wawili wakutane.

Jumatatu ya kwanza Filimbi alisimama kati ya vyuma, akaweka uzito, uso ukabadilika rangi.

"Fundi, panauma hapa mbele."

"Wote husema hivyo," nikamjibu. "Vumilia. Utazoea."

Sikudanganya sana. Wiki za kwanza kila mtu huumia, na sote tunawaambia hivyo. Lakini mimi neno hilo nilikuwa nimelihifadhi miaka kumi na moja. Lilikuwa tamu mdomoni. Nililirudia, "Vumilia, mzee," nikamwona akimeza mate na kupiga hatua nyingine.

Jumatatu ya pili alikuja akitembea kwa gongo. Nikamuuliza kama panauma, akasema kidogo. Jumatatu ya tatu jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola, na nilipomuuliza akasema anaendelea vizuri. Hilo halikunipendeza. Nilitaka alalamike. Nilitaka aombe. Mkuki kwa nguruwe, na nilikuwa nikingoja nguruwe wangu alie.

Nyumbani Rula aliniuliza, "Filimbi bado hajafika kwenu?"

"Bado yuko kwenye foleni," nikasema.

Na nisije nikasema sikujua. Kwa mgonjwa wa sukari, kidonda cha ukubwa wa kifungo ni mlango wa wodi. Hakiponi, kinaoza, na safari hii watakata juu ya goti. Bila goti, mtu wa umri ule hasimami tena. Nilijua tangu siku niliposhika msasa, na kila Jumatatu nilikuwa na nafasi ya kusema nivulie huo mguu, nimekosea. Sikusema.

Alhamisi ya wiki ile ya tatu nilikuwa kwenye chumba cha vumbi nikasikia sauti ya Bibi Plasta. "Huyu mzee anakaza meno mno. Nimemwita leo akutane na mzoefu." Niliposogea mlangoni, Rula alikuwa ameshasimama kwenye vyuma, na Filimbi anaingia na gongo lake.

Walitazamana. Kanisani walitazamana kila Jumapili, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka Filimbi alipougua akawa haji tena, lakini hapa palikuwa na hatua tatu tu kati yao.

"Karibu, mzee," Rula akasema. "Shika vyuma. Usitazame chini, tazama ukutani."

Filimbi akashika. Akapiga hatua moja, mbili, tatu. Rula hakuwa akitazama miguu, alikuwa akitazama vidole vya Filimbi vilivyokuwa vyeupe juu ya chuma.

"Kuna kitu unaficha," akamwambia. "Kaa."

Akapiga goti lake zima, ule mguu wangu akaunyoosha pembeni, akamvua Filimbi mguu wake, kisha soksi. Kwenye ncha ya muundi palikuwa pekundu, katikati pamechanika, na soksi ilikuwa na doa la damu. Rula akauchukua mguu ule. Aliingiza mkono ndani ya kikombe.

Vidole vya Rula vilikuwa vikipita juu ya ubao na kukuambia palipozidi unene wa karatasi. Vilipita, vikasimama. Vikarudi, vikasimama palepale. Akainua macho akanitazama mlangoni, mimi na kitambaa changu puani, na nikaona anajua ni mkono wa nani.

"Usiuvae huu tena," akamwambia Filimbi, akamfunga kidonda kwa bandeji safi.

Saa kumi tulitoka pamoja kama kawaida ya Alhamisi. Tulipita maduka, tukafika ukuta mrefu wa shule. Mguu wake ulikuwa ukilia kidogo kwenye kifundo, nikawa nafikiria kuutia mafuta, kwa sababu sikutaka kufikiria jambo jingine.

"Ulisema yuko kwenye foleni," akaanza.

"Nilisema."

"Ulikosea, au ulikusudia?"

Ningeweza kusema nilikosea. Lakini ukiishi na mtu aliyekosa mkate miaka kumi na moja kwa kukataa kusema uongo wa maneno mawili, uongo unakukwama kooni hata ukiutaka.

"Nilikusudia," nikasema.

Alisimama, akaegemea ukuta wa shule. "Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine, baba watoto? Wewe umepewa moyo wa kuvumilia. Mimi nimepewa tupa."

Karibu acheke, nikaona mdomo unavutika, kisha ukaacha. "Unadhani pale nyuma mimi huwa nimelala usingizi?" akasema. "Ziko Jumapili nimekaa nikitamani paa limwangukie yeye peke yake, wengine wote wapone. Namwambia Bwana, chukua chuki hii, itaniua. Anaichukua. Jumapili inayofuata ninayo tena, nampa tena. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya pale miaka yote hii. Wewe ukaenda ukaichukua kwake, ukatengenezea mguu."

"Kwa hiyo yeye asiumie?"

"Ataumia. Nani haumii? Lakini asiumizwe na mkono unaonitengenezea mimi mguu wa kuendea kanisani."

Nililia pale barabarani, watoto wa shule wakipita wakinishangaa. Mtu asinielewe vibaya. Sikulia kwa toba, nililia kwa hasira, kwa kuwa nilikuwa nimekishika kisasi changu mkononi na sasa hata huyu niliyekifanya kwa ajili yake hakitaki.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, nilikwenda kwa Filimbi. Anakaa vyumba viwili, mke alishafariki, watoto wako mbali. Mlango ulikuwa wazi. Filimbi yake imetundikwa kwenye msumari kando ya kalenda. Na yeye amekaa kitini, amevaa mguu. Ameambiwa asiuvae, na ameuvaa.

"Karibu, shemeji," akasema.

Shemeji. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita zamani, nilipokuwa nikimpelekea Rula chakula kiwandani.

"Unanijua?"

"Kanisa zima linajua ni nani anayemtengenezea Rula miguu. Nilijua hata kabla sijaletwa."

Na mimi nilikuwa nimeamini vumbi. Wiki tatu nilijiona jasusi, kumbe nilikuwa mjinga mwenye nyusi nyeupe.

"Na kikombe?" nikamuuliza.

"Siku ya pili tu nilijua si bahati mbaya. Nikasema ni haki yako. Nimeamua kuubeba huu mguu kimya, shemeji. Ndio msalaba wangu."

Hapo nilikasirika kuliko siku zote, kuliko hata siku ya hukumu. Yaani kisasi changu, kitu pekee nilichokuwa nacho, amekichukua akakifanya sadaka yake. Mimi nasaga meno nikidhani ninamtesa, yeye yuko kwake anajitakasa kwa mikono yangu.

"Vua," nikamwambia. Akavua. Kidonda kilikuwa kimepanuka.

"Huu si msalaba, mzee. Huu ni mguu mbovu, na niliuharibu mimi. Nilikwangua penye mfupa nikafuta alama. Nilikusudia usimame kwa maumivu mpaka ushindwe kusimama. Hilo ni langu, na nitalisema kwa Bibi Plasta leo, na kwa mchungaji. Wewe usiligeuze kuwa utakatifu wako."

Akashusha suruali akafunika kidonda.

"Ukitaka kuumia, liko la kuumia. Simama useme ni nani aliyemwaga spiriti. Hilo hujalivumilia hata dakika moja. Unakubali kutoboka mfupa ili usilitamke."

Akatazama ukutani, kwenye ile filimbi. "Watanivua uzee wa kanisa."

"Watakuvua."

"Watanitazama."

"Watakutazama. Rula wamemtazama miaka kumi na moja na bado anakula vizuri."

Nikauchukua mguu, nikaubana kwapani. Mlangoni nikageuka, maana kuna jambo nilitaka alijue. "Useme usiseme, mguu mwingine nitakutengenezea. Usidhani nimekusamehe. Sitaki tu mkono wangu ufanane na wako."

Bibi Plasta aliingiza vidole kwenye kikombe, akakaa navyo humo muda mrefu. Alinitazama kama mtu aliyekuta sumu kwenye unga wake. Hakunifukuza. Aliniambia kwa miezi sita sitagusa sanamu ya mtu yeyote bila yeye kuwapo, nitafagia na kukoroga plasta kama nilivyoanza, na kwamba Filimbi nitamtengenezea mimi mwenyewe, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Nilifagia. Vijana niliowafundisha waliruka ufagio wangu wakiogopa kunitazama usoni.

Mchungaji wa sasa ni kijana, kesi ya Rula aliikuta kwenye daftari. Yangu aliiandika mwenyewe. Nilimweleza mguu ulivyoharibika. Ya nani alimwaga spiriti nilimwachia mwenyewe Filimbi. Miezi mitatu bila meza ya Bwana, benchi la nyuma. Nilimwambia benchi hilo ninalijua kwa sifa.

Kidonda kilichukua wiki saba, na kila siku ya wiki hizo niliamka nikiogopa habari za wodini. Kilifunga. Nikachukua penseli ya zambarau, nikapiga magoti mbele ya mtu ninayemchukia, nikalishika gutu lake kwa mikono miwili, maana hakuna namna nyingine ya kufanya kazi hii. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika ncha ya muundi nikabonyeza, akavuta pumzi.

"Hapa?"

"Hapo."

Nikaitia alama mara mbili, nene. Juu ya sanamu niliongeza plasta pale taratibu, nikalainisha, nikaongeza tena, na moyo wangu wakati wote ukiniambia kwangua. Haukunyamaza hata siku moja. Nilifanya kazi nao ukipiga kelele, kama tunavyofanya kazi na tanuri linalovuma.

Jumapili ya kwanza baada ya Filimbi kuuvaa mguu mpya nilikwenda kanisani. Nilikaa na Rula benchi la nyuma, lile fupi la watu wawili, mahali ambapo hajakaa mtu mwingine miaka yote ile. Ubao wake una kichwa cha msumari kilichochomoza, kinakuchoma pajani ukijisogeza. Hakuwahi kuniambia habari ya huo msumari. Fundi mbao mzima, na nyundo anayo nyumbani. Nilipomnong'oneza kwa nini hakuupigilia, alisema benchi si lake.

Kabla ya mkate, Filimbi alisimama kwenye benchi la mbele. Sikumtazama, nilimsikiliza. Kisigino, ncha, kisigino, ncha. Hatua zilikuwa sawa, hakuna ile ya kuruka maumivu. Alifika katikati akageukia watu.

"Rula hakuwa amelewa," akasema. "Kinga niliamuru mimi ifunguliwe. Spiriti nilimwagia mimi, kisha nikawaambia watu wanuse. Nimekula mkate huu miaka kumi na moja, na yeye amekaa nyuma akinitazama nikila."

Nilimwangalia sasa, nikitafuta ile raha niliyojiahidi. Ilikuwepo kidogo, siwezi kudanganya. Uso wake ulikuwa umemomonyoka, na sehemu fulani ndani yangu ilisema haitoshi, aseme tena, aseme polepole.

Hakungoja kuambiwa la kufanya. Alishuka njia ya katikati, benchi baada ya benchi, watu wote shingo zimegeuka, akaja mpaka nyuma. Wakati huohuo mchungaji alikuwa akimwita Rula mbele. Wakapishana katikati ya kanisa, miguu miwili niliyoitengeneza kwa mikono yangu, mmoja ukienda na mmoja ukija. Rula akamgusa bega akapita.

Filimbi akasimama kwenye mwisho wa benchi. Nafasi ilikuwa moja tu, ya Rula, kando yangu. Nilikaa nikiitazama. Kisha nikaondoa begi langu, nikasogea, msumari ukanichoma, akakaa.

Sahani ilipofika nilimpitishia yeye. Naye, bila kugusa kitu, akairudisha kwa wa benchi lililo mbele.

Mbele walikuwa wamemwekea Rula nafasi kwenye benchi la wazee. Akapokea mkate, akasimama kidogo ameinamisha kichwa, akageuka akarudi nyuma. Tukabanana watatu. Alipoketi nikamuuliza kwa sauti ya chini, kama nilivyomuuliza kila Jumapili, "Wamekupa?"

"Wamenipa," akasema. Akanitazama, akamtazama na yule wa upande wa pili. "Na wewe, mama watoto?"

"Bado," nikamjibu.